Mlango Uliotamkwa kwa Kiswahili

Wahenga hawakupoteza maneno waliponena kuwa kila mlango kwa ufunguo wake. Lakini hebu nikuulize, mpenzi msomaji, ni lini uliutazama mlango wenyewe ukauacha ufunguo? Tunasukuma mlango wa darasa kila asubuhi, tunaubamiza upepo ukivuma, tunauandika majina yetu kwa kalamu hadi mwalimu wa zamu atukemee. Ukiulizwa una mbao ngapi, unafunguka upande gani, au mkono wa kuushika uko umbali gani kutoka sakafuni, utabaki kutumbua macho. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi likizo ya Desemba iliyopita, nilipoutengeneza mlango mzima katika tarakilishi kabla mbao yoyote haijaguswa na msumeno.

Kwa wale wasioijua Turbo vizuri, mji wetu uko kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye na Malaba, na reli ya Uganda nayo inapita papa hapa. Ni mji wa miti. Misitu ya misaipresi na misindano imetuzunguka, na mafundi wa mbao ni wengi. Ukishuka kwenye matatu utaona milango imeegemezwa kando ya barabara kama watu wanaongoja gari. Mingi ni ya kipimo kimoja, futi 3 kwa futi 7 pamoja na fremu, kwa sababu ndicho kipimo kinachonunuliwa haraka. Mwenye nyumba hulipa, hubeba, hutundika, na mambo yakaisha.

Taabu huanza pale ambapo nyumba, au mtu anayeishi ndani yake, hakubaliani na kipimo hicho.

Nyanya yangu, ambaye sisi kwetu humwita Kogo, alipooza upande wa kulia miaka miwili iliyopita. Tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Mlango wa chumba chake ulikuwa mwembamba, na ukiwa wazi kabisa ulibakisha nafasi ya sentimita 72. Kiti chenyewe nilikipima kutoka gurudumu hadi gurudumu, nikapata sentimita 66. Piga hesabu, ndugu msomaji. Zinabaki sentimita 6, yaani 3 kila upande. Hapo ndipo vidole vya mwanadamu vinatakiwa vipite vikiwa vimeshika gurudumu! Fauka ya hayo, chini palikuwa na kizingiti cha mbao kilichoinuka, na nje ya mlango ni korido ya mita 1 tu, kwa hiyo kiti hakiwezi kuingia kikiwa kimenyooka. Kila asubuhi baba na kaka yangu walikuwa wakimbeba Kogo kama mtoto, wamtoe nje akaote jua. Wao wakiondoka kwenda shambani, Kogo hukaa ndani hadi warudi. Hakuwahi kulalamika. Siku moja tu alimwambia mama kwa Kinandi, kwa sauti ya chini, kwamba mtu anayesubiri kubebwa ili aone ng'ombe wake mwenyewe amekwisha kuwa mzigo. Maneno hayo yalinichoma kama mkuki.

Baba aliamua ukuta upanuliwe. Mwashi alikuja, akagonga, akapima. Akasema linta imezunguka nyumba nzima, hivyo hakuna hatari juu, lakini kati ya kona na dirisha la korido hakuna nafasi zaidi ya futi 4. Sasa mlango wa futi 4 hauuzwi kando ya barabara. Lazima utengenezwe. Na mbao si kitu cha kuchezea. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, bei za mbao zilipaa, na hata baada ya Rais kutangaza kuondoa marufuku hiyo mwezi wa Julai 2023, mkulima wa kawaida bado hununua mbao kwa kujikuna kichwa. Baba aliuza magunia ya mahindi yaliyokuwa yamewekewa karo. Akasema wazi mbele yetu sote: "Pesa ni za mlango mmoja. Wa pili hakuna."

Hapo ndipo binamu yangu alipoingia. Yeye husomea ujenzi katika chuo kimoja mjini Eldoret, na alikuja likizo na tarakilishi yake ya kubebeka, iliyokuwa na programu ya kuchorea nyumba iitwayo Revit. Nilidhani programu hiyo ni ya kuchora picha nzuri za kuwaonyesha matajiri. La hasha! Alinieleza kuwa programu za namna hii zina umri mrefu kuliko sisi. AutoCAD ilitoka mwaka wa 1982, na mwaka huo huo kule Hungaria ilianzishwa kampuni ya Graphisoft, waliotengeneza ArchiCAD. Revit yenyewe ilitoka mwaka wa 2000, ikanunuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka wa 2002. Katika ArchiCAD mlango unaweza kuandikwa mstari kwa mstari kama insha, nayo tarakilishi ikausoma na kuujenga. Katika Revit mlango huchorwa, lakini uti wa mgongo wake ni namba.

"Mlango uko ndani tayari," binamu aliniambia. "Si tuchukue huo huo tuuvute uwe mpana?"

Akauvuta kweli ili nione. Loo! Ulikuwa mlango wa ofisi ya Ulaya, na kila kitu chake kilikuwa kimepangwa na mtu asiyemjua Kogo. Ndipo tukakubaliana tuuanze upya kutoka msingi.

Naomba nieleze kazi hiyo inavyokwenda, maana huenda nawe ukaihitaji. Kwanza unafungua kiolezo. Kiolezo cha mlango huja na kipande cha ukuta chenye tundu, pamoja na mistari ya kijani iliyokatika katika. Mistari hiyo si mbao. Ni mipaka. Kila mbao unayoichora unaifunga kwenye mpaka wake, jinsi ng'ombe anavyofungwa kwenye kigingi. Mpaka ukisogea, mbao inaufuata. Halafu umbali wa kutoka mpaka hadi mpaka unaupa jina na namba. Ukiisha kufanya hivyo, mlango huwa kama kitu chenye akili. Ukibadilisha upana kutoka milimita 860 hadi 900, mbao za kusimama zinabaki na unene wao, bali mbao za kulala zinarefuka zenyewe, na kibao cha kati kinapanuka kujaza nafasi. Ndiyo sababu kila hatua hujaribiwa: unatia namba kubwa mno, kisha ndogo mno, unatazama kama mlango umeshikana au umeachana. Ukishikana, unaendelea.

Mlango wa aina hii programu huuita familia. Yuko mzazi mmoja, na chini yake watoto wa vipimo tofauti, wote wakiwa na sura moja. Nao ukiupachika kwenye mchoro wa nyumba, ukuta hujitoboa wenyewe. Ukiufuta, ukuta hujiziba. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa peremende.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni lile la majina. Majina ya vipimo unayatunga mwenyewe. Binamu alikuwa ameanza kuyaandika kwa Kiingereza, kama wanavyofunzwa chuoni. Nikamuuliza: "Huu mlango utatengenezwa na nani?" Akasema: "Na fundi." Nikamuuliza tena: "Na fundi atasoma nini?"

Hapo pana jambo la kufikiriwa, enyi wanachama wenzangu. Turbo ni mji wa mchanganyiko. Nyumbani kwetu tunazungumza Kinandi. Fundi wetu ni Mbukusu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni Mkikuyu. Watu hawa watatu wakikutana juu ya mbao moja, lugha yao ni Kiswahili. Fundi aliishia darasa la saba, na kazi yake yote ameifanya kwa mdomo na kwa penseli iliyokaa juu ya sikio. Mchoro wa Kiingereza ungemfanya aseme "ndiyo, ndiyo" kwa heshima, halafu akate alivyozoea. Na mbao ikikatwa fupi hairefushwi kwa maombi.

Basi tulikaa jioni mbili tukitafuta majina. Ajabu ni kwamba mengi tayari yapo, tena mazuri! Miimo ni zile mbao mbili za fremu zinazosimama kulia na kushoto. Kizingiti ni mbao ya juu au ya chini. Bawaba ndizo zinazoushika mlango ili ugeuke. Komeo hufunga kwa ndani. Tumbuu ni pete ya chuma inayopokea kufuli. Pale tulipokosa neno tulitumia la mafundi wenyewe: mbao za kulala na mbao za kusimama. Mfuo ni ule mfereji unaopokea kibao cha kati. Katika tarakilishi, mahali pa namba paliandikwa hivi: Upana wa Tundu, Unene wa Mwimo, Kina cha Mfuo, Urefu wa Mkono. Siku nilipoyaona majina hayo yamepangwa kwenye skrini nilihisi fahari ambayo siwezi kuieleza.

Sasa tuje kwa mlango wenyewe. Tundu ni futi 4, yaani milimita 1219. Mbao inayouzwa kwa jina la inchi 2, ikipigwa randa, hubaki kama milimita 45, kwa hiyo miimo miwili inakula 90. Zinabaki 1129. Toa milimita 3 kila palipo na mwanya, na mianya ni mitatu ikiwa mlango ni wa pande mbili. Unabaki na milimita 1120 za mbao.

Kwa nini pande mbili? Tuliujaribu kwanza mlango wa upande mmoja. Programu huchora upinde unaoonyesha mlango unapopita ukifunguka. Upinde ule ulikwenda moja kwa moja ukagonga kitanda cha Kogo, kwa kuwa kutoka ukutani hadi kitandani ni sentimita 105 tu, na chumba hakina mahali pengine pa kitanda. Kuufungua kwa nje kungeziba korido. Tena mlango mpana vile ni mzito kwa mkono mmoja wa mzee. Tukaugawa: upande mpana wa milimita 860 na upande mwembamba wa 260. Upinde wa upande mpana ukapita mbali na kitanda.

Lakini pande mbili zina ila yake. Katikati hubaki ufa, na ufa unapitisha baridi. Sote tunaijua baridi ya huku kwetu mwezi wa Julai! Nikakumbuka picha za milango ya pwani alizotuonyesha mwalimu wetu wa Kiswahili. Mji wa Kale wa Lamu uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka wa 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitangulia mwaka wa 2000. Katika miji hiyo milango ya kuchongwa ndiyo uso wa nyumba. Kabla hujaujua utajiri wa mwenye nyumba ndani, mlango umekwisha kuusema nje. Milango hiyo ni ya pande mbili, nayo hufunguka kwa ndani. Katikati pana mbao ndefu iliyosimama, imechongwa maua, imepigiliwa kwenye upande mmoja na kuufunika ufa. Mbao hiyo huitwa mfaa.

Wengi wetu tuliitazama mfaa tukadhani ni pambo. Kumbe ni kazi! Mfaa ukiwa nje ya upande mmoja, upande wa pili hufunguka kwa ndani bila kuzuiwa, na ukifungwa huegemea mfaa na ufa ukazibika. Mafundi wa pwani waliijua hesabu hiyo karne nyingi kabla ya tarakilishi. Basi tukauchora mfaa katika mlango wa Kogo. Tuliufunga kwenye upande mwembamba, upande wa korido, upishane na upande mpana kwa milimita 20. Upande mwembamba tukauwekea makomeo mawili, juu na chini, ukae umetulia mpaka utakapohitajika. Ukiondoa unene wa mlango na mfaa, njia inayobaki ni karibu sentimita 80. Kizingiti cha chini tukakifuta kabisa, gurudumu lisiwe na cha kuruka.

Nilisema mapema kwamba uti wa mgongo wa mlango ni namba. Lakini namba moja haikutoka kwenye kitabu wala kwenye mtambo. Binamu alitaka mkono wa mlango uwe kwenye urefu wa kawaida, zaidi kidogo ya mita 1. Mimi nikasema mwenyewe yuko, aulizwe. Tukamsogeza Kogo mbele ya ukuta, naye akainua mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, akautuliza pale ulipotulia bila kujikaza. Nikaweka alama ya chaki. Kutoka sakafuni, milimita 880. Aidha, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, ilifaa bawaba ziwe kulia kwake akiwa ndani. Binamu akabofya mshale mmoja na mlango ukageuka kama uliosikia amri. Kogo alitazama skrini kwa muda mrefu, akauliza: "Huyo mtu mdogo aliyesimama hapo mlangoni ni nani?" Ilikuwa sanamu tu ya kuonyesha kimo. Akasema: "Mwondoeni. Anasimama njiani." Tulicheka hadi machozi yakatutoka, na sanamu ikaondolewa.

Sasa ikabaki kumpelekea fundi karatasi. Nilipiga moyo konde nikaenda na baba hadi karakanani. Fundi alipoona karatasi zilizochapishwa alikunja uso.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, msichana wangu. Hizi ni za nini?"

"Ni mlango wa Kogo. Tumeuchora kwa tarakilishi."

"Aaa, hizo komputa! Hizo ndizo zitakuja kutunyang'anya kazi. Sasa mimi nifunzwe mlango na mtoto wa shule?"

Baba alinitazama. Sikujibu neno. Nilizikunjua karatasi juu ya meza yake ya kurandia, nikasimama kando. Fundi alivaa miwani yake, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Upana wa Tundu, futi 4. Unene wa Mwimo." Kila kipimo tulikuwa tumekiandika mara mbili, kwa milimita na kwa inchi, maana tepu yake yeye huisoma kwa inchi. Akanyamaza. Akageuza karatasi ya pili, akakuta mchoro wa mlango uliokatwa katikati kama mkate, unaoonyesha kibao kimeingia kwenye mfuo. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hii komputa haijawahi kukaa Turbo," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Tazama. Inachora mbao kama chuma. Kibao kimejaza mfuo mpaka mwisho. Sasa mvua ya mwezi wa nne ikija, hewa ina maji, mbao inakunywa. Inavimba kwa upana. Kwa urefu haiongezeki sana, lakini kwa upana inavimba. Kibao kikikosa mahali pa kwenda kitasukuma mbao za kusimama, mlango ukwame. Kiangazi kikija, kinanywea, kinapasuka. Kibao hakipigwi gundi, na hakijazwi. Kinaachiwa nafasi ya kupumua."

Nilichukua kalamu nikayaandika maneno hayo nyuma ya daftari: nafasi ya kupumua. Mfuo una kina cha milimita 12, kibao kiingie 8, zibaki 4. Jioni ile tuliifungua familia ya mlango wetu tukaiongezea kipimo kipya, na jina lake likawa hilo hilo la fundi, Nafasi ya Kupumua. Tulipotia namba 4, vibao vyote vya kati, katika upande mpana na mwembamba, vilijirudisha nyuma kwa pamoja. Ujuzi ambao mzee yule aliupata kwa miaka mingi ya mvua na jua sasa umo ndani ya tarakilishi, kwa maneno yake mwenyewe. Nilipompelekea karatasi mpya aliitazama, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati. Tangu hapo hakusema tena habari ya kunyang'anywa kazi. Badala yake aliniuliza kama tunaweza kumchorea kabati.

Mlango ulitundikwa mwezi wa Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Fundi alikata mbao zote kwa kuifuata karatasi, akachonga ndimi na matundu yake kwa patasi, akapiga msasa, na chini ya upande mpana akapigilia bati la sentimita 30 ili miguu ya kiti isikwaruze mbao. Hilo la bati lilikuwa lake. Sisi hatukuwa tumelichora, naye hakutuuliza. Mbao hazikubaki wala hazikupungua, isipokuwa kipande kimoja ambacho mama alikifanya ubao wa kukatia mboga. Mvua zilipokuja, nilikuwa nikiujaribu mlango kila nitokapo shuleni. Uliendelea kufunguka kwa mkono mmoja.

Nao mkono huo ni wa Kogo. Siku hizi hushika, huvuta, hupita, akafika barazani kabla baba hajamaliza kukama.

Je, kisa hiki kina funzo gani kwetu sisi wa Chama cha Kiswahili? Wako wenzetu wanaosema kuwa Kiswahili ni cha mashairi na mijadala, na kwamba ukifika kwenye sayansi na mitambo lazima ukivue mlangoni kama kiatu. Mimi sikubaliani nao. Tarakilishi haina kabila wala haina lugha ya mama. Inachotaka ni jambo moja: useme unachokitaka kikamilifu, bila kuacha kitu. Mlango usiotamkwa vizuri hauwezi kuchongwa vizuri. Na mlango wa Kogo ulitamkwa na watu wengi: mwashi, binamu, fundi, na Kogo mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto. Lugha iliyowakutanisha wote ni hii tunayoitukuza hapa kila Jumatano baada ya masomo.

Tena yako mambo ambayo yasipotamkwa na kupimwa mapema hupotea. Jumba la Beit al-Ajaib kule Zanzibar, lililojengwa mwaka wa 1883, sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020. Nyumba ikianguka, fundi anaweza kuirudisha tu kama kuna mtu aliyepima na kuandika. Majina nayo ni hivyo hivyo. Nikiwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu leo mfaa ni nini, wangapi watanyosha mkono? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo ninatoa pendekezo kwa walimu wetu wapenzi na wanachama wote. Muhula ujao, kila mwanachama achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, kiwe mlango, dirisha, jiko au mkokoteni. Akipime kwa tepu. Amwendee fundi amuulize kila sehemu inaitwaje, aandike jina hilo jinsi lilivyotamkwa. Shule yetu ina tarakilishi chache, lakini penseli na karatasi ya mraba vinatosha kuanzia, kwani hata sisi tulianza na chaki ukutani. Majina tutakayokusanya tuyachape katika toleo lijalo la jarida hili. Mimi nimekwisha kuanza, ninayo thelathini na moja. Asiyeamini na aje darasani kwetu tuhesabu pamoja.

Kiswahili kitukuzwe!